Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mitaa yetu: maji mliyoyatoa mlimani yako kwetu bondeni

Kigoma

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Wakuu wa Idara na wataalamu wote mnaosimamia mipango ya mitaa yetu,

YAH: MTAA WETU KUSHUGHULIKIWA VIPANDE VIPANDE NA MADHARA YAKE

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wengine habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa mmoja wa bondeni hapa mwisho wa reli, na ni katibu wa kikundi cha mazingira cha mtaa huo. Jina la mtaa silitaji, wala la ofisi, wala la afisa yeyote. Wahusika wanajijua, na ninachotafuta ni jibu, sina haja ya kumwaibisha mtu. Njia za ndani tumezipita zote: kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji, kwenye kamati ya maendeleo ya kata, hadi masjala ambako barua zetu zimegongwa mhuri wa kupokelewa. Tulichoambulia ni "suala lenu linafanyiwa kazi". Limefanyiwa kazi mpaka mvua zikaja, zikaondoka na zikarudi tena.

Kwa hiyo leo nasema hadharani, na mnivumilie nikirefusha, maana kasoro yenyewe haionekani kwa kutupia jicho.

Kila mnachokifanya katika mtaa wetu, kikitazamwa peke yake, ni chema. Mtaro ni mzuri. Kusimamia usafi wa vyakula ni wajibu. Kukusanya ada ya taka ni halali. Lakini vikishafika mtaani vinaumana, na miongoni mwenu hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia pale vinapokutana. Malalamiko yangu yote yanatoka kwenye pengo hilo moja.

1. Mtaro ulioishia njiani

Mtaro wa mawe ulijengwa mtaa wa juu, kwenye mteremko, ili maji yaache kuila barabara. Mkandarasi alifanya kazi safi, sina ugomvi naye. Zamani maji ya mvua yalishuka kwa kutawanyika: mengine yaliingia kwenye migomba, mengine yalituama kwenye mashimo ya njiani, mengine yalinywewa na ardhi chini ya miembe na michikichi. Sasa yamekusanywa yote, yamepewa njia nyoofu yenye sakafu ngumu, na yanateremka kwa kasi hadi mtaro unapokoma. Unakoma kwenye mpaka wa mtaa wa juu, kwa sababu fedha zilikuwa za mtaa wa juu. Hatua chache chini ya hapo tunaanza sisi.

Naomba tuyafuate maji hayo. Yanaingia uani, yanajaza mashimo ya vyoo, yanafika visimani, kisha tope lake linashuka hadi eneo ambalo akina mama wanaanika dagaa. Afisa afya akaja, akaona, akapiga marufuku kuanika pale. Alifanya alivyopaswa kufanya. Kigoma hakuna anayefanyia mzaha kipindupindu: Mei 2015 kililipuka Kagunga, mpakani na Burundi, kati ya wakimbizi waliokuwa wamerundikana ufukweni, na kikafika hadi mjini.

Sasa tazameni kilichofuata. Wanawake wale wa dagaa ndio walioshikilia kikoba cha mtaa. Biashara iliposimama, hisa zikapungua na marejesho yakaanza kusuasua. Mfuko wa jamii wa kikoba hicho ndio uliowapa vijana posho ndogo ya kuzibua mifereji na makalavati ya mtaani. Posho ikakatika, vijana wakaenda zao mwaloni kubeba mizigo. Mifereji ikajaa mchanga na mifuko. Mvua iliyofuata ikapanda ukutani zaidi ya iliyotangulia, eneo la kuanikia likazidi kuchafuka, na marufuku ikaongezewa muda. Hapo mzunguko ukawa umetimia, ukaanza upya ukiwa na nguvu kuliko mwanzo.

Wanaochunguza mifumo huuita mzunguko wa mrejesho unaojiongezea. Ugumu wake ni kwamba ndani yake hamna mwovu. Mhandisi alijenga vizuri, afisa afya alilinda afya, akina mama walilipa walichoweza, vijana walikwenda kwenye riziki. Ukitafuta wa kumwajibisha utarudi mikono mitupu, na nahisi ndiyo sababu faili letu halisogei. Ofisi zimezoea kutafuta mkosaji, nasi hatuna wa kuwapelekea.

Tena chanzo kinaweza kukaa mbali kabisa na madhara. Hapa kwetu ziwa lenyewe limetoa ushahidi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, Mto Lukuga, ng'ambo Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mchanga na mimea, maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kilipofumuka na ziwa likashuka. Mtu aliyesimama Ujiji akitazama ufukwe unamezwa asingepata jibu kwa kuuchunguza ufukwe, hata angekaa hapo mwaka mzima. Jibu lilikuwa upande wa pili wa ziwa. Letu liko mlimani tu, bodaboda inafika.

2. Kila barua yetu ina meza yake, tatizo letu halina meza

Tulipoandika kuhusu maji tulipelekwa kwa watu wa barabara. Wakajibu kwamba mtaro umekamilika kwa viwango, na ni kweli. Tulipoandika kuhusu vyoo tulipelekwa afya, ambao walitukumbusha kuwa choo ni jukumu la mwenye nyumba, nalo ni kweli. Kuhusu kikoba, watu wa maendeleo ya jamii walitushauri tuimarishe ukusanyaji wa marejesho. Ushauri mwema kabisa, kwa watu waliozuiwa kufanya biashara.

Mwaka 1948 mwanasayansi Mmarekani, Warren Weaver, aliyagawa matatizo katika mafungu matatu. Yapo yenye mambo mawili au matatu tu, ambayo ukijua hili unajua na lile. Yapo yenye mambo mengi mno yasiyo na mpangilio, ambayo wastani wa takwimu unayatosha. Na yapo ya katikati, yenye mambo mengi yaliyoshikana kwa mpangilio, ambapo huwezi kugusa moja ukayaacha mengine yalivyo. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi aliyekuwa akiishi New York, akasema mji uko kwenye fungu hilo la tatu, na kwamba wapangaji wa miji wanakosea kwa kuushughulikia kama fungu la kwanza au la pili. Mama huyo hakuwa na shahada ya mipango miji. Alikuwa akitazama barabara ya mtaani kwake: nani anafungua duka saa ngapi, nani anamwangalia mtoto wa nani, kwa nini kona hii ina usalama na ile haina. Mama lishe yeyote wa hapa anaweza kuwapa habari za namna hiyo mkienda kunywa chai, mradi mumuulize na mkae kumsikiliza.

3. Kalenda yenu na mwezi wetu

Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo dogo lenye mambo mengi ndani yake.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga wa taa ndio unaowavuta. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, basi mitumbwi inakaa nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu. Kwa hiyo fedha katika mtaa wetu zinakuja na giza na kuondoka na mbalamwezi. Wakati wa giza duka linauza, fundi analipwa deni lake, kikoba kinapata hisa. Wakati wa mbalamwezi watu wanakopa unga. Kila mtoto aliyekulia karibu na mwalo analijua hili. Kwenye fomu zenu halimo.

Mtoza ada ya taka anapita tarehe ile ile kila mwezi. Tarehe ikiangukia giza, nyumba nyingi zinalipa bila maneno. Ikiangukia mbalamwezi, anakuta milango imefungwa na mnaandika "mwitikio hafifu". Makusanyo yakishuka, lori la taka linapunguza safari. Lori likipunguza safari, taka zinaishia kwenye mfereji, nasi tumerudi kwenye namba 1 hapo juu. Mnaona jinsi tarehe iliyochaguliwa na karani, kwa nia njema kabisa, inavyoweza kuziba kalavati.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Niliunga mkono na bado naunga mkono, kwa kuwa huko ndiko kufikiri kwa mfumo: ziwa ni la nchi nne, na samaki hana pasipoti. Lakini kwa miezi ile mitatu ratiba za ada na marejesho ya mikopo katika mtaa wetu hazikusogezwa hata siku moja. Waliotulia wakatii kufungwa kwa ziwa ndio hao hao walioandikwa wadaiwa sugu. Mnategemea nini mtakapotangaza katazo jingine?

Kurekebisha hili hakuhitaji mfadhili wala semina. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa kwenye maduka ya Ujiji inatosha.

4. Mnachokipima

Taarifa zenu za robo mwaka zina mita za mtaro zilizojengwa, asilimia ya makusanyo na idadi ya vikao. Hazina nyumba ambazo maji bado yanaingia. Mtaro wetu umehesabiwa kuwa mafanikio, na kwa kipimo kile utaendelea kuwa mafanikio hata siku ukuta wa mtu utakapoanguka.

Waheshimiwa, najua mtakayosema, kwa sababu mengi yameshasemwa kwenye korido.

Mtasema fedha hazitoshi. Sawa, hazitoshi. Lakini zipo mnazotumia tayari kila baada ya mvua kubwa: greda la dharura, dawa ya kutibu visima, maafisa wanaozunguka kukagua marufuku yao wenyewe. Sehemu kubwa ya ninayoomba hapa chini ni watu kuketi pamoja na tarehe kusogezwa.

Mtasema tumejenga kiholela mkondoni mwa maji. Wapo waliojenga mkondoni, na hao tuko tayari kuzungumza nao kwa majina, mkija. Nyumba nyingi zilikuwapo kabla ya mtaro, na maji yalikuwa hayaziingii.

Mtasema wananchi hawajitolei. Hili linaniuma kuliko yote. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza jamii zinazotunza kwa pamoja malisho, misitu, mifereji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi. Aliona kwamba watu wanaweza, na wameweza kwa karne nyingi katika nchi mbalimbali, yakiwepo masharti kadhaa: wanaofuata kanuni washiriki kuzitunga, kanuni zilingane na mazingira yao, wasimamizi wawajibike kwa wenyeji, adhabu zianze ndogo, na serikali iliyo juu yao itambue haki yao ya kujipangia. Kikundi chetu kilikuwa na hayo yote isipokuwa la mwisho. Kanuni tulizojiwekea za kutotupa taka mferejini na faini yake ndogo ziliambiwa hazitambuliki. Baada ya hapo tukaambiwa hatujitolei. Na sisi si wageni wa kujitolea: vizazi vilivyotutangulia viliishi na mabalozi wa nyumba kumi, na leo misiba yetu inaendeshwa na daftari la michango ambalo halijawahi kukaguliwa na mtu kutoka nje, wala halijapotea.

Mwisho mtasema haya ni mambo ya vitabuni. Nakubali kwamba mengine yanatoka mbali. Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1969 alitoa kielelezo cha kompyuta cha maisha ya mji, akadai kwamba kujenga nyumba nyingi za bei nafuu katika mji uliokwisha kudumaa kunaweza kuuongezea umaskini, kwa kuwa nyumba hizo zinachukua ardhi ya shughuli za ajira huku zikivuta watu zaidi. Walimshambulia sana, na wengine walikuwa na hoja. Simleti hapa ili mumwamini. Namleta kwa ajili ya desturi moja aliyoisisitiza: mwenye mpango aandike waziwazi anaamini kipi kinasababisha kipi, ili wengine waweze kumbishia. Mngetuchorea kwenye karatasi moja jinsi maji yatakavyokwenda baada ya mtaro kukoma, bibi yeyote wa bondeni angewaonyesha kwa kidole pale mchoro unapodanganya.

Wala siwauzii uganga mpya. Akija mtu akawaahidi kwamba kwa fikra za mifumo anaweza kutabiri mtaa utakavyokuwa, mfukuzeni. Mtaa una watu, na watu hubadilika wakishaona unachofanya. Kinachowezekana ni kujaribu kidogo, kutazama, kusikiliza mrejesho mapema na kurekebisha kabla zege halijakauka.

Sasa tunayoomba.

(a) Maji kwanza. Kabla ya msimu ujao wa mvua, wahandisi waje watazame mkondo wote kuanzia kileleni hadi ziwani kama kitu kimoja, bila kujali unapita mitaa mingapi. Rahisi itakuwa kuurefusha mtaro hadi ufukweni. Tunaomba msikimbilie hapo. Mtaro wa namna hiyo utamwaga tope lote ziwani, kwenye maji ya pembeni ambako samaki wengi huzaliana, na mtakuwa mmehamisha tatizo kwa mara ya pili. Sisi tungependelea maji yapunguzwe nguvu huko juu: mashimo ya kuyapumzisha, vizuizi vya mawe ndani ya mtaro, matuta na miti kwenye mteremko, halafu mfereji wa wastani kwa yatakayobaki. Vijana wa kuchimba tunao.

(b) Kikao kimoja mtaani, idara zote kwa wakati mmoja. Barabara, afya, uvuvi, mazingira, maendeleo ya jamii, na wakazi wa mtaa wa juu pamoja nasi, maana nao si maadui zetu. Utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ule wa O&OD, mnao tayari na mmeshafundishwa. Tofauti tunayoomba ni kwamba baada ya kuorodhesha vikwazo tuchore pia mishale: hiki kinakilisha kile. Orodha tunazo za kutosha.

(c) Afisa mmoja atajwe kwa cheo kuwa mwenye jukumu la yale yanayotokea kati ya idara na idara katika kata yetu. Asiwe na mradi wake. Kazi yake iwe kuuliza, kabla mradi haujasainiwa, maji, taka, fedha na watu watakwenda wapi baada ya hapo.

(d) Tarehe za ada na marejesho zifuate giza na mbalamwezi kwa mitaa inayoishi kwa dagaa, na zisimame ziwa linapofungwa.

(e) Ubao wa taarifa mwaloni na kwenye ofisi ya mtaa, unaosomeka, wenye makusanyo ya ada, safari za lori, nyumba zilizoingiwa na maji, na nani anashughulikia nini. Donella Meadows, mwanamazingira wa Marekani aliyefuata njia ya Forrester, aliwahi kusimulia habari za nyumba fulani za Uholanzi zilizofanana kwa kila kitu, isipokuwa baadhi mita ya umeme iliwekwa chini ya nyumba na nyingine iliwekwa barazani pa kuingilia. Waliokuwa wakiiona mita walitumia umeme kidogo zaidi, bila bei kubadilika. Sisi wenye LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla, hatuhitaji kushawishiwa juu ya hilo. Wekeni namba mahali zinapoonekana, halafu ndipo mtupime kwa kushiriki.

(f) Kanuni za kikundi chetu zipelekwe kwa mwanasheria wenu zipitiwe na kutambuliwa, au turudishiwe kwa maandishi zikionyesha kipengele gani kinagongana na sheria gani. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hatuombi zaidi ya hapo.

Marufuku ya kuanika dagaa hatuombi iondolewe leo. Tunaomba iambatane na eneo mbadala lenye chanja, hata la muda, ili kikoba kipate kupumua na vijana warudi kwenye mifereji. Katika mnyororo wote nilioueleza, nadhani hapo ndipo pa kushika kwa gharama ndogo kuliko kwingine, na naweza kubishiwa.

Tunaomba jibu kwa maandishi kabla makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai hayajafungwa, kwa sababu baada ya hapo tutaambiwa tusubiri mwaka mwingine. Jibu libandikwe kwenye ubao wa mtaa. Likiwa ni "hapana", liandikwe hapana na sababu zake. Kikao cha kipengele (b) kipangwe jioni, siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Viti tutatoa wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kikundi cha mazingira cha mtaa wa bondeni, Kigoma

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa wetu
Mwenyekiti wa mtaa wa juu
Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti wa kikoba
Ubao wa matangazo, mwaloni